Fundo la Kumi na Saba

Nilikuwa nabeba watano.
Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kuwa umeuliza.
Wawili mbele juu ya tangi, watatu nyuma,
mikoba ikining'inia kwenye usukani kama kuku wa sokoni,
shilingi kumi kila kichwa,
na anayesinzia nampiga kikumbo asidondoke.
Kutoka Kwa Thoya hadi shuleni ni dakika kumi na moja
ukiyapita malori ya mchanga wa Sabaki
kabla hayajakupita.

Kisha Bi Jumwa akaleta kamba.

Kamba ya katani, ile ya kufungia ng'ombe.
Akaipiga mafundo ishirini, hatua moja baina ya fundo na fundo,
akasimama penye mkilifi wa kwanza, saa kumi na mbili na robo,
na filimbi yake ya plastiki.
Tulicheka pale stendi. Kitsao akauliza,
"Anawapeleka mnadani?"
Asubuhi ya kwanza watoto sita.
Ya pili, tisa.
Wiki ya tatu nilikaa juu ya pikipiki iliyozimwa
nikihesabu miguu iliyokuwa nauli yangu.

Niliona uchungu, nisidanganye.
Petroli hainunuliwi kwa afya njema.
Nikamwambia, "Mama, unanivunjia chungu jikoni."
Akanijibu bila kupunguza mwendo:
"Chungu chako kinachemka kwa kuni gani, Fondo?"

Nilikwenda nalo nyumbani swali hilo.
Nyevu, binti yangu, alikuwa anakoga uani.
Kwenye shavu la mguu, kovu la bomba la moshi:
umbo la korosho, rangi ya korosho.
Karibu kila mtoto niliyembeba analo lake.
Sikuwahi kuyahesabu.
Usiku ule niliyahesabu.

Kesho yake Nyevu alishika fundo la kumi na saba.
Hakuniaga.

Nikawafuata kwa mbali, injini kimya, nikisukuma.
Ndipo nilipoijua njia niliyoipita miaka saba:
kwamba iko ya mkato katikati ya mikanju,
yenye kivuli, yenye mchanga laini;
kwamba kila mtoto ana chupa ya kifuniko kilichotobolewa
na mche wake kando ya njia,
huunywesha akipita, kama anayemsalimu jirani;
kwamba jedwali la saba husomwa kwa hatua,
na mdogo wao, Mwaringa, hukwama palepale kila siku,
saba mara nane,
na kamba nzima humngoja.

Wakafika barabara kubwa.
Kamba ikasimama.
Lori la kwanza. La pili.
La tatu likapiga honi, halikupunguza.
Vumbi likameza mafundo yote ishirini.
Bi Jumwa akapuliza filimbi. Nani amsikie?

Sikupanga. Mikono ilipanga.
Niliiburuta pikipiki hadi katikati, nikaiweka mshazari,
nikavua kizibao changu cha kung'aa, nikakipunga.
Dereva alinitukana hadi babu wa tatu.
Nikaitikia, "Amina," nikasimama.
Kamba ikapita nyuma yangu, fundo kwa fundo,
na la kumi na saba lilipopita
chupa ya maji, iliyobaki nusu,
ilinigusa mgongoni.

Siku hizi nabeba mtu mmoja mmoja, kofia mbili:
wagonjwa wa kwenda Malindi, wenye mahindi ya kusaga.
Nimepungukiwa, sikatai.
Lakini saa moja kasorobo utanikuta njia panda.
Kitsao huja Jumatano, amechelewa, amenuna, lakini huja.
Tuliandika barua tukiomba matuta mawili.
Hatujajibiwa.
Mche wa Nyevu ulikuwa na majani tisa;
mbuzi wamekula manne.

Kama una mtoto upande wa Kwa Thoya,
bado lipo fundo la kumi na nane, na la kumi na tisa.
La ishirini lililegea juzi kwa mvua.
Nitalikaza mwenyewe.